Mlango Nisiougonga

Buyenzi, Alhamisi, baada ya Alasiri

Shamsa mwanangu,

Kalamu hii ni yako, ile ya buluu uliyoisahau juu ya redio. Umeme umekatika tangu asubuhi na chumbani kuna giza, kwa hiyo nimekaa mlangoni na ubao wa kukatia mboga magotini. Wewe na mama yako mko uani mnabishana habari ya sweta. Yeye anasema kule Mpulungu kwa shangazi yako, Zambia, kuna baridi, wewe unasema hakuna. Mimi nimefika Mpulungu mara nyingi kuliko mtu yeyote wa mtaa huu na hakuna aliyeniuliza. Baridi ipo. Upepo wa kiangazi wa kule unaingia mpaka kwenye mifupa. Chukua sweta.

Basi, kwa upande wa nguo nimemaliza. Kula, kufua, kuswali, namna ya kumsalimu shangazi yako na saa ya kuamka kwake, yote mama yako ameshakueleza wiki nzima na mimi sitayarudia. Nataka kuzungumza nawe juu ya meli. Ndicho kitu ninachokijua. Na kesho utafanya jambo ambalo mimi, kwa miaka kumi na moja niliyotumika melini, sikulifanya sawasawa hata siku moja: utakuwa abiria.

Usicheke. Nimetandika vile vitanda maelfu ya mara, lakini sijui dari linaonekanaje mtu akilala chali juu yake. Sijui kama mtetemo wa injini unamlaza mtu au unamnyima usingizi. Niliwauliza abiria, kila mmoja akanipa jibu lake. Mara moja tu nilisafiri kama abiria, na safari hiyo kichwa changu kilikuwa kimejaa hata sikuona kitu. Nitakueleza.

Kesho hapa bandarini utapanda meli ya Kigoma, na Kigoma utahamia ile ya kusini, ambayo ndiyo yangu. Nilianza humo nikiwa na miaka ishirini. Ndugu wa babu yako kule Ujiji alinipeleka kwa mkuu wa wahudumu, nikapewa shati jeupe lenye vifungo vya shaba na pete kubwa ya funguo. Kazi yangu ilikuwa vyumba vya daraja la kwanza na la pili: kutandika, kupeleka chai, kufagia, kuonyesha choo kilipo, na kuwagongea mlango wale wanaoshuka.

Nilichokipenda tangu siku ya kwanza ni kuwatazama watu. Mtu akipanda meli anabadilika. Mfanyabiashara ambaye dukani kwake huwezi kumtoa neno, hapa utamkuta ameegemea chuma anamsimulia mtu asiyemjua habari za ndoa yake. Mama wa watoto sita analala mchana kweupe, mdomo wazi, na watoto wake wanalishwa na wanawake wengine bila yeye kuomba. Kwa nini inakuwa hivyo? Nimejiuliza miaka yote. Wakati mwingine nadhani ni kwa sababu hakuna mtu wa nchi kavu anayeweza kukuita ukaitika. Lakini sina hakika. Wewe angalia, kisha uniandikie unavyoona.

Tiketi yako ni ya daraja la pili, chumba cha vitanda vinne. Chukua cha juu. Cha chini wenzako watakigeuza benchi, na utalala ukiwa umepata habari za ukoo wa kila mmoja. Lakini usikae sana chumbani. Kwa maoni yangu, watu wa daraja la kwanza ndio wanaoliona ziwa kidogo kuliko wote. Wana dirisha lao, wanaona kipande cha maji kama sahani, wanaridhika. Watu wa sitaha, wenye mikeka na vikapu, ndio wanaosafiri kweli. Ukiona wanawake wa sitaha wamekaa duara, sogea, salimu, toa chochote ulicho nacho cha kutafuna. Kabla hamjafika kituo cha pili utakuwa mtu wao.

Ukienda kusini, kushoto kwako ni Tanzania na ndiko viliko vituo. Kulia ni milima ya Kongo. Asubuhi kaa kulia upate kivuli, jioni hamia kushoto. Ukichafukwa na tumbo usikimbilie kitandani kama wanavyofanya wote. Panda juu, simama katikati ya meli, maana mbele na nyuma ndiko kunakopanda na kushuka, kisha kaza macho kwenye ile milima. Yenyewe haichezi. Tafuna mkate mkavu. Wakati wa kuswali usimfuate aliyekutangulia, huenda alianza kabla meli haijageuka. Tazama jua ujue kaskazini iko wapi, upange mwenyewe.

Vituo vingi havina gati. Meli inasimama majini, inapiga honi, na mitumbwi inatoka pwani ikishindana. Mlango wa ubavuni unafunguliwa, watu wanavutwa kwa mikono: bibi, mbuzi, gunia la dagaa, mtoto mchanga anapitishwa kutoka mkono hadi mkono kama mkate. Wakati huo usiende mlangoni. Simama juu, ushike chuma, utazame. Mimi nimetazama mamia ya mara na sikuchoka. Sijui tena kama wanafanya vile vile. Nasikia kila kitu kimebadilika tangu vita ianze, na watu wanaopanda hapa kwetu siku hizi hawapandi kwa ajili ya biashara.

Jambo moja abiria wote wanafanya, na sisi wahudumu lilikuwa linatuchosha. Wanauliza, "Tutafika saa ngapi?" Mara ishirini kwa siku. Na sisi tulikuwa tunajibu lolote lililokuja mdomoni. Ukivaa shati jeupe lenye vifungo vya shaba unaona aibu kusema hujui. Tulisema "saa nne", "jioni", "bado kidogo", tukapita na trei zetu. Hapo ndipo nataka kukusimulia habari ya Mzee Kalinde, ambayo mama yako anaijua nusu tu.

Ilikuwa mwaka wangu wa sita. Alipanda Kigoma, mzee mwembamba, fundi seremala, amevaa koti lililopigwa pasi na viatu vilivyoonekana ni vya kuazima kwa sababu alitembea kama anayekanyaga mayai. Hakuwa amewahi kusafiri majini. Mkwe wake alimtumia tiketi ya daraja la pili aje Karema upesi, kwa sababu binti yake, Tausi, alikuwa amejifungua na tangu ajifungue hakuinuka kitandani. Nilimfungulia chumba namba tisa, kilichokuwa kitupu safari ile. Kabla hajaweka kikapu chini alishapitisha kiganja kwenye mlango wangu.

"Mti huu umetoka wapi?"

"Umekuja na meli, mzee."

"Meli nayo imetoka wapi?"

Nikacheka nikamwambia apumzike. Nilipokuwa natoka akaniita. "Kijana, Karema tutafika saa ngapi?"

Tulikuwa tumechelewa kung'oa nanga na sikuwa na habari yoyote. "Alfajiri," nikasema.

"Mimi sipajui. Nikishuka mahali pengine itakuwaje? Utanionyesha?"

"Nitakugongea mlango, mzee. Lala usingizi wako."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Namba tisa," akasema, kana kwamba ningeweza kusahau.

Alfajiri ile nilikuwa jikoni. Mpishi wetu alikuwa na hadithi ya mjomba wake aliyeoa mara mbili siku moja, na alikuwa anaigiza sauti za bibi harusi wote wawili. Nilikuwa nacheka hadi chai inamwagika. Nikasikia honi, nikasikia injini inapunguza mwendo, watu wanapiga kelele ubavuni. Nikadhani ni Ikola, kituo kinachotangulia. Ningeweza kutoa kichwa nje nikaangalia. Ilikuwa hatua nne. Sikutoa, kwa sababu hadithi ilikuwa haijaisha.

Nilipotoka na trei, jua limeanza kuonekana na meli inakwenda. Nikamuuliza karani wa tiketi, "Ikola wamepanda wengi?"

"Ikola gani?" akasema. "Tumeshatoka Karema."

Nilikwenda namba tisa. Nikafungua. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, koti limefungwa vifungo vyote, viatu miguuni, kikapu mapajani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri kuliko ninavyotandika mimi. Akainuka.

"Tumefika?"

Shamsa, nimeandika sentensi hii mara tatu na kuikata. Nilimwambia: "Mzee, tumepita. Nilikugongea sana. Hukusikia."

Akanitazama. Kisha akatazama viatu vyake, akakaa tena polepole. "Niligongewa?"

"Ndiyo, mzee. Labda ulipitiwa na usingizi."

Akasema, "Huenda. Nikiwa nimekaa hivi hivi. Uzee huu." Halafu akaniomba radhi. "Nisamehe, kijana. Nimekutia matatani bure."

Meli haiwezi kurudi kwa ajili ya mtu mmoja. Ilibidi aende nasi hadi Mpulungu, tupakue na kupakia, kisha turudi naye. Siku tatu. Mkuu wa wahudumu aliuliza kilichotokea, mzee mwenyewe akajibu kabla sijafungua mdomo: "Nililala." Mambo yakaisha hapo. Mimi nikashusha pumzi. Naona aibu kukuambia kwamba nilifurahi.

Nilimletea chakula kizuri, nikamletea chai bila kuombwa, nikadhani ninalipa. Yeye alikuwa na maswali tu. Mlima ule unaitwaje? Nikasema sijui. Maji haya yanakwenda wapi? Sijui. Nahodha anajuaje njia kukiwa na ukungu? Sijui, mzee.

"Umekaa humu miaka mingapi?"

"Sita."

"Na hujauliza?" Hakusema kwa dharau. Alikuwa anashangaa kweli.

Basi tukaenda kuuliza. Nilimpeleka hadi chumba cha nahodha, mahali ambapo sikuwa nimewahi kwenda bila trei, na nahodha akafurahi, akatuonyesha dira na ramani na akataja milima mmoja mmoja. Nilimshusha kwa mafundi wa injini, akaweka kiganja juu ya chuma kinachotetemeka, akafunga macho. Sikuwa nimewahi kuvijali vitu hivyo. Nilikuwa nawatazama watu tu, na hata hao nilikuwa nawatazama kama mtu anayetazama samaki ndani ya chupa. Kila alichoniuliza kilinifungua macho, na kila nilipomtazama usoni nilikumbuka nilichomfanyia. Nilikuwa naishi siku nzuri kuliko zote za kazi yangu, huku natamani ziishe.

Habari ya binti yake aliitaja mara moja tu. Tulikuwa Mpulungu, tunatazama makuli wanapakia mifuko. "Tausi ataniuliza nilikuwa wapi," akasema. "Nitamwambia nilipitiliza kwenda Zambia kutembea kama bwana mkubwa." Akacheka mwenyewe.

Tulirudi Karema asubuhi, jua kali. Nikabeba kikapu chake hadi mlango wa ubavuni. Mtumbwi wa kwanza uliofika ulikuwa na kijana aliyenyoa kichwa kama mfiwa. Mzee alimwona kabla haujagusa meli, akaacha kuzungumza katikati ya neno. Alishuka mwenyewe, hakushikwa. Akasimama ndani ya mtumbwi, akauliza neno moja.

"Lini?"

"Juzi, baba. Jioni," akasema yule mkwe. Halafu akaongeza, maskini, hakujua anachofanya: "Ile alfajiri mlipopita aliisikia honi. Akasema, baba amekuja."

Siku moja na nusu, Shamsa. Ndiyo niliyomwibia. Angemkuta anazungumza.

Mzee akashika ubao wa mtumbwi akakaa. "Nilipitiwa na usingizi, mwanangu," akamwambia mkwe wake. "Walinigongea, nikalala." Na mimi nilikuwa nimesimama pale juu yao, karibu hivi hata ningeweza kumgusa kichwa. Nikainama nikampa kikapu. Akapokea, akaniambia ahsante.

Nilimaliza msimu. Mlango nikiugonga nilikuwa siondoki hadi nisikie sauti ya mtu, na abiria wengine walinitukana. Mwezi wa tatu tangu siku ile nikaomba ruhusa, nikavua shati jeupe, nikakata tiketi ya sitaha. Hiyo ndiyo safari yangu pekee ya abiria. Nilikaa kwenye mkeka wa mtu na sikuliona ziwa.

Nilishuka Karema kwa mtumbwi kama watu wote, nikaulizia fundi Kalinde. Hakuwa amerudi kwao. Alikuwa amebaki kumlea mjukuu pamoja na mkwe wake, na nilimkuta nje anapiga randa mbao za kitanda kidogo. Alinitambua, akaniletea kigoda. Nikakataa kukaa. Nilijua nikikaa sitasema.

"Mzee, sikukugongea."

Akaendelea na randa mara mbili tatu, kisha akaiweka chini. "Sema tena."

"Siku ile. Sikuja kabisa. Nilikuwa jikoni, nilidhani ni Ikola. Nilikudanganya."

Alijipangusa vumbi la mbao magotini. Mtoto alikuwa analia ndani, akanyamazishwa. Mwishowe akauliza, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayetaka kujua: "Kwa hiyo sikulala?"

"Hukulala, mzee."

"Nilisikia honi," akasema. "Nilisikia injini inanyamaza. Nikasikia mtu nje anasema Karema, Karema, kwa sauti kubwa. Nikainuka. Nikasema, hapana, yule kijana hajaja, na yeye ndiye anayepajua. Nikakaa. Halafu ulipokuja ukasema umegonga, nikadhani hayo yote niliyaota." Akajigusa sikio kwa kidole. "Miezi mitatu naogopa kumbeba mtoto huyu. Nasema, mzee anayelala amekaa, macho wazi, atamdondosha."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilijua nimemnyima binti yake. Sikujua kwamba nilikuwa nimemnyima na masikio yake mwenyewe.

Meli ilikuwa irudi baada ya siku nne, na Karema sikuwa na mtu mwingine. Alinilaza kwake. Nilishika mbao akipiga randa, nilichota maji, sikuzungumza nisipoulizwa. Siku ya pili alimtoa mtoto ndani, akatembea naye uwanja mzima, akaenda akarudi, hakumpa mtu. Siku ya kuondoka alinisindikiza ufukweni. Nilimuuliza, kwa sababu nilikuwa kijana na nilitaka kuondoka mwepesi, kama amenisamehe.

"Sijui," akasema. "Nikijua nitakuandikia."

Hakuandika. Miaka mitano iliyobaki, kila tukisimama Karema nilitoka nje kutazama mitumbwi. Hata leo ningependa kujua. Lakini ile "sijui" yake niliipenda kuliko kama angenipa maneno matamu, kwa sababu ilikuwa kweli, na tangu siku hiyo nilijifunza kuisema mwenyewe. Abiria wakiniuliza saa, nilisema sijui, ngoja nikaulize. Wengine walinidharau. Hakuna aliyepitilizwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa abiria, ukitaka wote kwa pamoja, ni huu. Ukisikia honi, inuka. Mtu mwenye sare akikuambia bado, mwitikie kwa heshima, kisha toka nje uangalie kwa macho yako. Uliza watu wawili, na mmoja wao awe mwanamke mwenye mizigo, maana yeye hawezi kukosea kituo. Na hata siku moja usikubali mtu akuambie hukusikia ulichosikia.

Hapa nimeweka kalamu chini nikaenda kunywa maji. Nimekupita uani, umeniuliza, "Baba, bado unaandika?" Nimesema naandikia ofisi ya bandari. Unaona? Miaka yote hiyo, na bado mdomo wangu una ile tabia.

Mwanangu, wiki tatu zilizopita Hamisi fundi baiskeli alikuja hapa na tukakaa sebuleni tukizungumza kwa sauti ya chini. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Alipoondoka ulitoka ukaniuliza kwa nini amelitaja jina lako. Nikakuambia hukusikia vizuri, tulikuwa tunazungumza habari za mabati. Ukanitazama kidogo, ukasema, "Haya, Baba."

Ulisikia vizuri.

Hamisi alisema hivi, nakuandikia maneno yake: "Idi, wale vijana wa barabara ya Musaga wamemuulizia mutoto wako. Wanasema anaenda Musaga kwa bibi yake, anarudi Buyenzi, anaenda Musaga, anarudi. Wanasema anapeleka habari kwa upande mwingine. Na huku kwetu wako wengine wanasema vile vile." Nilimwambia unapeleka mboga na dawa ya presha. Akasema, "Mi najua. Wao hawataki kujua." Wiki ile ile walimshusha msichana mmoja kwenye basi dogo, na wewe unajua kuliko mimi kilichompata, kwa sababu mlikuwa mnasoma pamoja kule Mutanga Sud.

Ndiyo sababu unaondoka. Habari ya shule ya Zambia ni kweli, shangazi yako ameulizia na nafasi ipo, lakini kama si Hamisi nisingeiandikia barua shule hiyo. Na niliposema utakaa miezi mitatu, mpaka Ramadhani, utarudi tufunge pamoja, nilikuwa nafanya kile kile nilichokuwa nafanya na trei mkononi. Saa ngapi tutafika? Alfajiri. Ukweli ni kwamba sijui. Sijui utarudi lini. Sijui kama utatukuta nyumba hii au tutakuwa tumevuka kwenda Uvira, Kongo. Bibi yako wa Musaga sijui nani atampelekea dawa. Mama yako anasema yeye, na mimi nimekataa, na bado hatujamaliza kubishana. Ukiondoa miaka ya melini, nimekaa mjini humu maisha yangu yote na siwezi kukuambia Jumatatu itakuwaje.

Juzi ulimwambia mama yako kwamba Baba anakufukuza. Aliniambia. Nilinyamaza, nikafikiri ni afadhali uondoke umenikasirikia kuliko uondoke unaogopa. Huenda ni kosa kubwa kuliko la Karema. Ulianza kujiuliza umekosa nini. Hukukosa kitu, Shamsa. Ulimpelekea bibi yako dawa.

Nataka uende. Nataka sana. Lakini una miaka kumi na tisa na nilikuwa na ishirini waliponipa zile funguo. Ukishajua haya yote ukaniambia huendi, nitakasirika, nitapiga kelele, mtaa mzima utasikia, kisha nitakaa chini nikusikilize. Ukienda, uende macho wazi, ukijua kwa nini meli imekuchukua na imekuacha wapi.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niipenyeze chini ya sweta, uikute baada ya Kigoma, wakati mimi niko mbali na huwezi kuniuliza kitu. Sasa hivi mama yako amepita na beseni la nguo, akasimama juu yangu. "We unaandika nini wakati wote huu?"

Nimemwambia, "Habari ya Hamisi."

Amekaa kizingitini, beseni mapajani. Kisha akasema, "Basi mupe asome leo. Apana kungoja melini."

Ana haki. Nakuita sasa. Njoo na kigoda chako, kaa hapa mlangoni kwenye mwanga, soma polepole, kurasa zote. Mimi siendi msikitini mpaka umalize. Nitakuwa hapa ubavuni kwako, na lolote utakaloniuliza nitalijibu, au nitakuambia sijui.

Baba yako,
Idi